Usichokisema Hukukifanya

Mtu akipeana naye mkono mara ya kwanza, aligundua kwamba macho ya mama huyu hayatulii usoni. Yaliteremka taratibu mpaka kwenye mkunjo wa kiwiko, yakakaa hapo, huku dole gumba likibonyeza kidogo, kama la mnunuzi anayepima parachichi. Alikuwa anatafuta mshipa. Hata msibani alitafuta. Ndiyo maana pale kituo cha afya, kuanzia daktari mkuu hadi mfagizi, wote walimwita Mama Mshipa, naye aliitika bila kinyongo.

Kwa miaka ishirini na moja alikuwa msaidizi wa daktari, mwenye cheti cha mwaka mmoja na mkono usiokosea. Wazee waliokauka, watoto wanene ambao mishipa yao imezama kwenye nyama, wote waliletwa kwake baada ya wengine kushindwa. Siri yake ilikuwa kumzungumzisha mgonjwa. Alimuuliza habari za wajukuu, za paa linalovuja, na mgonjwa akiwa bado katikati ya kujibu, damu imeshaingia kwenye chupa.

"Tayari?" waliuliza.

"Zamani," alijibu.

Kisha ikaja barua. Baada ya miaka mitano, msaidizi asiye na shahada ya sayansi za afya hatagusa tena mgonjwa. Atahamishiwa chumba cha mafaili. Mama Mshipa akajiandikisha chuoni akiwa na miaka arobaini na sita. Akakaa dawati la mbele, nyuma yake vijana waliomwita Bibi, akameza majina ya mifupa na vimeng'enya huku miwani ikimteleza puani. Nadharia alifaulu yote. Mwaka wa tano ulipoingia, ulibaki mtihani mmoja tu wa vitendo: kutoa damu.

"Bibi, wewe maksi zako zimeshakutangulia," vijana walimwambia. "Nenda kazichukue tu."

Chumba cha mtihani kilikuwa na sinki, meza, mwanamke aliyeajiriwa kuigiza mgonjwa, mkono wa mpira wenye damu bandia uliofungwa juu ya mkono wake, na msimamizi mwenye fomu. Mama Mshipa alipomwona msimamizi, moyo wake ulitulia. Kijana huyu aliwahi kuja kituoni kwa mafunzo, mikono ikitetemeka hadi wakambandika jina la Tetema. Ni yeye, Mama Mshipa, aliyemshika kifundo cha mkono wiki tatu nzima mpaka kikatulia.

"Hujambo, mwanangu."

Msimamizi alionyesha saa ya ukutani kwa kalamu.

Basi akafanya kama kila siku. Akanawa, akavaa glovu, akauliza jina, akauliza na habari za watoto. Akafunga mpira juu ya kiwiko, akapangusa, akachoma mara moja. Mwanamke yule alikuwa bado anasimulia habari za mapacha wake wakati chupa ilipojaa.

Alipata alama thelathini na nne kati ya mia. Kwenye fomu palikuwa pameandikwa: Hakunawa mikono. Hakuvaa glovu. Hakupangusa ngozi. Aliisoma akiwa amesimama ukumbini, vidole vyake vikinuka sabuni bado.

Mwongozo ulisema mtahiniwa atamke kila hatua kwa sauti anapoifanya. Alikuwa ameusoma kabla ya mtihani. Alidhani unawahusu wasiojua kazi.

Akamfuata msimamizi ngazini. "Mwanangu, uliniona nikinawa?"

"Nilikuona, Mama."

"Sasa?"

"Sheria hairuhusu niandike nilichoona. Naandika nilichosikia. Usichokisema hukukifanya." Akashusha sauti. "Wewe mwenyewe ulinifundisha kufuata utaratibu."

"Nilikufundisha usimchome mtu mara mbili."

Kijana akafunga jalada lake, akapanda ngazi.

Nyumbani mumewe, fundi majokofu, alisikiliza yote huku bisibisi ikiwa mdomoni. Akaitoa. "Asante ya punda, mke wangu."

"Sikumfuga kama punda. Nilimshika mkono."

"Ndiyo hivyo hivyo. Haya, njoo ujifunzie hapa." Akamnyooshea mkono wake mwenye grisi.

Kwa wiki sita zilizobaki kabla ya mtihani wa marudio, alitangaza kila hatua. Nanawa mikono. Navaa glovu. Natafuta mshipa. Alitangaza hata akiosha vyombo, mpaka mumewe akasema nyumba imepata redio isiyozimika. Maneno yakaota ulimini. Yakamfuata na kazini.

Pale kituoni palikuwa na dereva mstaafu aliyekuja kila mwezi kupimwa figo. Miaka kumi na mitano hakukubali kuguswa na mwingine. Asubuhi moja alikaa kitini, akakunja shati, akaanza kusimulia ugomvi wake na jirani. Mama Mshipa akamkatiza.

"Nafunga mpira. Napangusa ngozi. Sasa naingiza sindano."

Mzee akashtuka, mkono ukakakamaa, mshipa ukakimbia. Akamchoma mara ya pili, pembeni ya pale pa kwanza.

"Leo vipi, mwanangu?" mzee aliuliza, akiutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Umekuwa mgeni?"

Kilichomjia Mama Mshipa mdomoni kilikuwa hatua ya nane: Natoa sindano, nabana pamba. Akaisema.

Mwezi uliofuata mzee yule alipanga foleni ya chumba cha pili, kwa msaidizi mwingine.

Siku ya marudio Mama Mshipa alifika kabla mlango wa chuo haujafunguliwa. Walikuwa kumi na mmoja kwenye benchi. Yeye namba saba. Wasimamizi hawatajwi mpaka mtu aingie. Binti wa namba nane alimtazama anavyosogeza midomo.

"Bibi, wewe wa nini hapa? Si unaijua kazi?"

"Ninaijua."

"Basi?"

"Basi leo naomba waisikie. Hii ikinipita, ni mafaili mpaka nistaafu."

Namba sita alitoka, kola imelowa jasho, akapita bila kumtazama mtu. Mlango ukabaki wazi kiasi cha kiganja. Ndani maji yalikuwa yanachuruzika sinkini, na mtu alikuwa anapanga upya fomu mezani. Mama Mshipa alisimama, akanyoosha sketi, akasubiri aitwe.