Marehemu Katika Safu ya Pili

Wakati nilipokuwa na ile kamera kubwa, watu wa Kitale waligawanyika pande mbili: walioniona mwandishi wa habari na walioniona mwenye maringo. Mimi nilikuwa nauza dawa za mifugo kwenye duka karibu na soko. Kamera niliachiwa na shemeji yangu aliyekuwa akirudi ng'ambo, akaniambia, "Hii ni ya katikati. Si ya wataalamu na si ya watoto." Miaka yote niliyokaa nayo sikumpata mtu mmoja Trans-Nzoia nzima aliyejua kuna kitu kama kamera ya katikati. Wao waliona mdomo ule mrefu mbele, wakasimama wima kama wanaapishwa.

Malalamiko yalikuwa mengi. Kwanza filamu. "Filamu iko wapi?" waliniuliza, na nikisema hakuna, wananitazama kama mtu aliyewauzia chupa tupu. Halafu ule mwanga uliokuwa ukiruka juu wenyewe bila kuambiwa, ukamtoa mzee mmoja wa kanisa kwenye kiti. Lakini kubwa zaidi ni kwamba kamera ilikuwa inaona. Mama mmoja wa kwaya aliangalia picha yake kwenye kile kioo kidogo cha nyuma, akaona chunusi zote zimejitokeza, akaniambia waziwazi kamera yangu ina chuki. Ya mpiga picha wa sokoni, alisema, ina heshima. Nilimjibu kwamba kamera haijui hata jina lake. Tukanuniana mpaka Pasaka.

Sasa, kule Bokoli, upande wa Bungoma, nilikuwa na wajomba wawili, ndugu wa mama yangu, waliofanana hadi inaudhi. Kichwa kimoja, masikio yaleyale, hata kukohoa kwao kulikuwa kumoja. Mjomba mkubwa aliichukulia hali hiyo kama wizi. Aliamini mdogo wake anamwiga makusudi. Mdogo akinunua kofia, mkubwa anasema, "Ameona yangu." Mdogo akianza kuchechemea kwa sababu ya goti, mkubwa anasema goti ni la kwake, lilianza kuuma kwake kwanza. Mwishowe mjomba mdogo alichoka, akafuga ndevu ili dunia imjue. Zilikuwa ndevu nyingi, zilimfika kifuani. Mjomba mkubwa alipoziona alisema hata yeye alikuwa karibu kufuga, ila sasa amezuiwa. Tangu siku hiyo hawakusemezana.

Miaka tisa, jamani, watu wazima. Na walikaa benchi moja kanisani, kwa sababu benchi lilikuwa la familia na hakuna aliyekubali kulihama. Mama yangu akiwatembelea, anawekwa katikati. "Mwambie huyo asogee," mjomba mkubwa anasema. Mama anageuka, anamwambia huyo asogee. "Mwambie nimesogea." Mama anageuka tena. Hiyo ndiyo ilikuwa ibada yake.

Krismasi ya mwisho ya mjomba mkubwa nilienda Bokoli na kamera. Alifurahi kuiona, akaizunguka, akasema hiki ndicho chombo. Nikamwambia akae nimpige. "Anza na ng'ombe," akasema. Alikuwa na fahali mweusi aliyempenda kuliko sisi wote. Nikampiga fahali wa mbele, wa ubavuni, akila, akikataa kula. Nilipomaliza, mjomba akasema jua limekuwa kali, yeye atapigwa siku nyingine. Mwezi wa tatu akafa. Nilifungua zile picha nikahesabu: fahali mara kumi na nne, na katika moja, pembeni, mkono wa mjomba umeshika kamba. Nilijichukia, nasema ukweli. Nilikuwa na kifaa kinachoona chunusi za watu, na mjomba wangu nikamwachia mkono.

Picha nyingine hazikuwapo. Ya harusi ililiwa na mchwa. Ya kitambulisho ilikwenda na kitambulisho chenyewe, kilichochukuliwa walipotoa kibali cha mazishi, na hakuna aliyekumbuka kukitoa nakala. Na mazishi kwetu bila picha ni aibu. Picha inasimama mbele ya jeneza, picha inakaa kwenye jalada la programu, watu wanaitazama wanalia. Anti, mke wa marehemu, alikuwa amekaa jikoni akisema jambo moja tu. Watoto wake wawili wa mwisho walikuwa wadogo. Alisema wataisahau sura ya baba yao kabla mahindi hayajavunwa.

Mama yangu alimsikiliza, kisha akainuka, akatazama nje. Mjomba mdogo alikuwa anapasua kuni.

"Sura si ile pale?" mama akasema. "Ni ndevu tu zimeifunika."

Nilidhani ni huzuni inasema. Kumbe mama alikuwa timamu kabisa. Alimwita mjomba mdogo ndani, akamweleza: avae koti la marehemu, avae kofia ya marehemu, anyolewe, apigwe picha moja, mambo yaishe. Watakaojua ni sisi wanne. Mjomba mdogo aliweka shoka chini, akashika ndevu kwa mkono mmoja.

"Dada," akasema, "mimi hata kitambulisho changu, siku naenda kuchukuliwa picha, karani aliniuliza mbona nimerudi, si nilikuja jana. Maisha yangu yote mimi ni yule mwingine. Hii ndevu ndiyo mimi."

"Itaota," mama akasema.

 Anti alimwangalia tu, na nafikiri hiyo ndiyo iliyomshinda. Mjomba alikubali, lakini akanigeukia mimi na sharti lake. "Mpwa wangu, kwanza nipige mimi. Na ndevu zangu. Sina picha yangu yenye ndevu, hata moja. Nikifa kesho watafanya nini, watamfufua huyu anivalie koti?"

Ombi lilikuwa la haki. Shida ilikuwa betri. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa kwenye harusi Kachibora, nikapiga mpaka sufuria, na sasa kilikuwa kimebaki kimstari kimoja. Chaja niliisahau Kitale, na hata ningekuwa nayo, stima haikuwa imefika pale. Mama akaona nasitasita.

"Anza na aliyekufa," akaamua. "Huyo ndiye ana haraka."

Mjomba mdogo akanyolewa. Alitoka nyuma ya nyumba amevaa koti na kofia, uso umepauka pale ndevu zilipokuwa. Tukamweka kwenye kiti, tukatundika shuka nyuma yake. Nikapiga. Mama na anti wakasukumana kwenye kioo cha nyuma ya kamera.

"Huyu si yeye," anti akasema. "Huyu ni shemeji amevaa kofia."

Na kweli. Hapo ndipo nilipoijua ile kamera. Ya mpiga picha wa sokoni ingetufichia, ingetupa weusi wa kutosha na heshima. Hii ilionyesha kila kitu, na kila kitu kilikuwa cha mtu mpole. Mama akaanza kazi. "Kunja uso. Zaidi. Ng'ombe wa jirani wameingia kwa mahindi yako. Bado. Wamekula yote." Mjomba mdogo akajitahidi, akatoka kama mtu anayeumwa na jino. Anti akasema marehemu hakuwa anakasirika kwa mdomo, alikuwa anakasirika kwa macho. Wakajaribu macho. Nikamwambia mama betri inaisha, akaniambia ninyamaze nifanye kazi yangu. Nilipiga picha zisizopungua arobaini za mjomba wangu akikosea kuwa ndugu yake.

Halafu bila kuambiwa na mtu, mjomba mdogo alijiweka sawa kitini. Akatazama upande, pale ambapo kanisani angekuwa amekaa mama, akasema polepole kwa sauti iliyokuwa chini kuliko yake, "Mwambie huyo asogee."

Taya likakaa. Macho yakakaa. Anti akaziba mdomo kwa leso akatoka nje. Nikabonyeza, na kamera ikazima mikononi mwangu.

"Sasa mimi," mjomba mdogo akasema akivua kofia. Nikamwonyesha kamera iliyokufa. Akajipapasa kidevu, pakavu, akarudi kwenye kuni zake. Nilimfuata nikamwahidi nitarudi zikiota. Alisema sawa bila kuniangalia. Siwezi kusema alikasirika, kwa sababu tulikuwa tumetoka kuona kwamba hawezi.

Picha niliitoa Bungoma mjini, kubwa, ya fremu. Siku ya mazishi ilisimama mbele ya jeneza imezungukwa na maua, na watu walifurika. Kila mtu aliniambia nimeweza. "Ametoka vile alikuwa," wakasema. "Hapa ni kama anataka kukufukuza." Mwalimu mmoja mstaafu alitikisa kichwa akasema siku zote alijua marehemu amependeza kuliko mdogo wake. Mdogo mtu alikuwa amesimama nyuma yake na sahani ya wali.

Hatukuwa tumefikiria kidevu chake. Katika mipango yetu yote hakuna aliyejiuliza mjomba mdogo ataenda wapi na uso ule siku ya mazishi. Watoto walimwona wakakimbilia shambani. Mkwe mmoja mzee kutoka Kamukuywa, aliyechelewa na macho yake hayakuwa mazuri, alimkuta mlangoni akamshika mkono kwa furaha.

"Kumbe uko mzima. Sisi tumeambiwa ni wewe umekufa."

"Ni yule mwingine," mjomba mdogo akasema.

"Yule wa ndevu? Pole sana. Alikuwa mtu mzuri." Na mzee akaenda kukaa, akamlilia mjomba mdogo mpaka mwisho wa ibada.

Mhubiri ndiye aliyetumaliza. Alisimama kando ya ile picha, akaielekezea mkono. "Utazameni uso huu, ndugu zangu," akasema. "Hamtauona tena duniani." Uso wenyewe ulikuwa safu ya pili, unajipepea kwa programu yenye uso huohuo. Mama alinifinya paja. Nilikuwa nimeuma leso, na hadi leo sijui kama nilikuwa nacheka au nalia, nafikiri vyote. Nilipomtazama mjomba mdogo, hakuwa anajipepea tena. Alikuwa anaangalia ile picha, machozi yanapita kwenye kidevu kitupu hadi kwenye kola, na hakuyafuta. Watu wakanong'onezana kwamba damu ni damu, hata baada ya miaka tisa.

Sifa zangu zilienea vibaya. Mwezi uliofuata mtu alitoka Kachibora mpaka dukani, akangoja wateja waishe, akaniinamia. "Nasikia unapiga hata waliotangulia," akasema. Alikuwa na nyanya yake, amezikwa muda mrefu, na dada wa nyanya bado alikuwa hai. Nikamwambia mimi nauza dawa ya kupe. Akanunua dawa ya kupe, akaniachia maelezo ya jinsi nyanya alivyokuwa akifunga kitambaa, endapo nitabadilisha nia.

Ahadi yangu ilichukua karibu miezi mitatu. Nilienda Bokoli na betri mbili zimejaa na chaja juu yake. Ndevu zilikuwa zimerudi, si kama zamani, lakini za kutosha. Mjomba mdogo alikuwa amenisubiri tangu asubuhi na shati la miraba lililopigwa pasi. Alijikalia mwenyewe nje ya nyumba yake, hakutaka shuka, hakutaka mtu amwelekeze. Nikampiga mara tano. Kamera ikafanya kazi yake ya kuona: mvi, makunyanzi, macho yale ya upole. Nilimletea kioo cha nyuma akakishika kwa mikono miwili.

"Huyu ni mimi," akasema, na alifurahi, niliona.

"Nikutolee ngapi?"

"Hii moja inatosha." Akanirudishia kamera, akatazama upande wa boma la kaka yake. "Lakini ile nyingine nitolee kubwa, kama ile ya shemeji. Nitaitundika pale napokula."

"Mjomba," nikasema, "ile nayo ni wewe."

"Wewe uliona mimi nimewahi kukasirika hivyo?"

Nilisema hapana, sijawahi.

"Basi." Akakunjua mkono wa shati. "Miaka tisa nilikaa naye benchi moja sikugeuka. Watu wote wa hapa walikuwa wanamwona kila siku. Mimi ndiye sina picha yake."