Nyota ya Bahari mu Nyumba Yetu ya Butembo

Mutaniita muongo, mais hii niliona na macho yangu, muchana, jua ikiwaka.

Ilikuwa wakati wa vita. Bwana yangu, mwenye kamyo ya kubeba mizigo, alileta toka Mombasa kioo kubwa ya kufugia samaki, mabidon ya maji ya bahari na mawe yenye kutoka mu ile bahari. Pompe ya maji ilikuwa inazunguka na groupe, ile mashini ya umeme. Quartier yote ilikuja kushangaa. Kisha akaenda Beni kufata mizigo. Barabara ikafungwa, sikupata tena habari yake.

Basi siku moja naona ku kioo tunyama tweupe, tudogo kama kucha ya mutoto, tuko na mikono kama nyota. Nani alinunua hii tunyama? Hakuna! Nikaogopa hii tunyama itakula samaki yetu. Nikakamata kisu.

"Hapana kukata, mama!"

Nikageuka. Mwanamuke mugeni alisimama ku mulango, amejifunika kitenge ya manjano. Aliomba maji. Nikamupa kopo, akapokea na mukono wa kushoto.

"Unajua hii banyama?" nikamuuliza.

"Ni nyota ya bahari. Balipanda ku mawe, bakakuja nayo. Habana ubaya, banakula tu uchafu ya ku kioo. Mais ukiikata, kila kipande inaota mikono mupya."

Akanionyesha moja: mukono moja murefu, ingine midogo sana. "Hii balikata. Iko naota."

Nikacheka. "Kama batu nao bangeweza!"

Yeye hakucheka. Akafunua kitenge. Ku bega ya kuume, munisadiki, kulikuwa mukono ya mutoto muchanga. Vidole vilikuwa vinajikunja. Nikalia kwa nguvu, nikafunika macho. Kuyafungua, hakuna mutu. Kopo iko chini, maji yote ndani.

Jioni, bwana yangu akafika na miguu, kamyo aliiacha Beni, mavumbi mwili muzima. Hata salamu hakutoa.

"Asubui tumezika mwanamuke ku njia," akasema. "Balimukata mukono. Tulitafuta, hatukuupata."

"Alivaa nini?"

"Kitenge ya manjano."

Nikauliza, mukono gani? Akagusa bega yake ya kuume. Nikaanguka pale pale.

Kioo tuliitoa mu nyumba. Bwana yangu aliuzisha kamyo, hakurudia ile barabara. Na mimi, mpaka leo, wakinipa mutoto muchanga nimubebe, nafunga kwanza mikono yake mu nguo. Bamama banakasirika, banasema nina roho mbaya. Nitabaambia nini?

We unayesikia, mugeni akifika anaficha mukono, mupe maji. Mais hapana kumuchekea.