Maua Niliyoyafunga kwa Isale

Kuna nyumba moja Mwika, huko mlimani Kilimanjaro, ambako hadi leo nikipiga hodi lazima mtu acheke kwanza ndipo anikaribishe, na nimeshazoea, maana aibu niliyoifanya pale uani nikiwa kidato cha tatu haina namna ya kufunikwa. Basi acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine (ambao huongeza kwamba nililia, sikulia, macho yalijaa tu).

Mimi ni mtoto wa Moshi mjini, ukoo wetu ni wa Kihindi, na babu yangu ndiye aliyefungua duka letu la vitambaa. Jina langu ni Jitendra, nyumbani Jitu, na mnaweza kufikiria darasa zima lilivyolifurahia jina hilo kwa mtu mfupi na mwembamba kama mimi. Mdomo, hata hivyo, nilikuwa nao. Naongea nikiamka, naongea nikila, naongea kwenye mtihani mpaka natolewa nje. Sasa mtu kama huyo akampenda nani? Akampenda Felista, msichana aliyeketi dawati la mbele yangu, mrefu, mkimya, wa kwanza kwenye hesabu, Mkatoliki asiyekosa misa, mtoto wa wakulima wa kahawa na ndizi, aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake, mtaa wa Rau, ili asome mjini. Kwetu nyama haiingii jikoni, kwao hakuna sikukuu bila mbuzi. Nilikiongelesha kisogo chake muhula mzima, na siku akigeuka kunijibu neno moja, nilirudi nyumbani nikiruka madimbwi hata pasipo na madimbwi.

Felista alitaka kuwa daktari, na alikuwa anaiweza kazi hiyo, kila mtu alijua. Lakini baba yake, Mzee Klementi, alikuwa amemwambia waziwazi kwamba siku atakaposikia habari ya mvulana, masomo ya mjini yamekwisha, arudi Mwika kuchuma kahawa. Mimi jambo hili nilikuwa nalijua vizuri kabisa. Ndiyo maana mkasa huu huniuma nikicheka, kwa sababu nilifanya nilichofanya nikidhani ndiyo njia ya kumlinda.

Chanzo chake ni filamu. Mjomba wangu alikuwa akikodisha kanda za video, na Jumamosi mchana alikuwa akiweka deki na televisheni kwenye chumba cha nyuma, watu wanakaa kwenye mabenchi. Jumamosi hiyo shangazi wa Felista alimruhusu aje na wasichana wenzake, na filamu ilikuwa ya vijana wa shule, mvulana mmoja mwenye kelele anayeshinda gereji na msichana mpole wa kwaya, watu wawili ambao hakuna aliyeweza kudhani wataelewana. Wanapendana, wanajificha, wanagombana, kisha karibu na mwisho yule mvulana anaoga, anachukua maua, anakwenda moja kwa moja nyumbani kwa msichana. Baba mtu anafungua mlango, anayatazama maua, anamtazama kijana, halafu anasogea pembeni ampishe. Mimi nilikuwa nimeshika roho.

Tulipotoka nje kwenye jua, wenzake wakipiga soga, Felista alinipita akasema kwa sauti ndogo, bila kunitazama, "Angalau yule hakujificha."

Maneno matatu. Yalinitosha.

Wiki iliyofuata shule zilifungwa, Felista akapanda kwao Mwika, na Jumapili ya kwanza ya likizo nikaamka nimeshaamua. Nilivaa shati jeupe la kaka yangu (mikono ilinipita, nikaikunja), nikachuma maua ya njano uani kwetu, yale ambayo mama alikuwa akiyatunga mataji ya kupeleka hekaluni, nikayafunga kwa uzi wa dukani, nikamuaga mama kwamba nakwenda kwa rafiki. Sikusema uongo, ila sikutaja kwamba rafiki yuko mlimani na ana baba.

Safari ilikuwa na jua na vumbi, na gari liliharibika njiani. Niliposhuka Mwika maua yangu yalikuwa yameinamisha vichwa yote, kama wanafunzi waliokosa swali. Nikasimama kando ya njia, kahawa huku, migomba kule, nikiwaza kwamba siwezi kumpelekea Mzee Klementi takataka. Hapo ndipo nikaona, kwenye mpaka wa shamba la mtu, mmea umesimama mstari, una majani marefu ya kijani kibichi yanayong'aa, mazuri kweli. Nikakata matatu. Nikayazungusha kwenye maua, nikafunga fundo zuri mbele, na kusema kweli likawa fungu la kupendeza, nikajisifu peke yangu.

Bibi mmoja alikuwa akikata majani ya ng'ombe upande wa pili, kumbe ananitazama muda wote. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza napeleka wapi yale. Nikamwambia kwa Mzee Klementi. Akaniuliza wazee wangu wako wapi, nikamjibu kwamba nimeona nije mwenyewe. Bibi akautua mzigo wake chini.

"Pole, mwanangu," akasema. "Lakini una moyo."

Nikamshukuru. Nilidhani amenisifu. Nikaendelea kupanda, nikamsikia nyuma yangu akiita watu kwa Kichagga, lugha ambayo wakati huo nilijua salamu zake tu, na nilipogeuka wanawake watatu walikuwa wananifuata kwa mbali, wametulia kabisa, nami nikawapungia mkono.

Sasa, ninyi mliokulia mlimani mmeshaanza kujishika vichwa, lakini kwa wengine lazima nieleze. Majani yale yanaitwa isale. Mchagga hafungi maua kwa isale. Mtu aliyekukosea kosa kubwa, lile ambalo maneno hayalitoshi, hulifunga fundo jani la isale akakuletea kuomba msamaha, na likishaletwa huwezi kukataa kumsikiliza, hata kama ulikuwa umeapa kutomtazama tena. Mimi nimezaliwa Moshi, nimesoma Moshi, na sikulijua hilo, kwa sababu kwetu tukikosana mama hupika kitu kitamu, na anayekula amesamehe.

Basi picha ilikuwa hivi. Jumapili, watu wametoka misani, ua wa Mzee Klementi umejaa ndugu, mbege, pombe ya ndizi, inazunguka, babu yake Felista ameketi kwenye kiti chake karibu na chanja za kahawa. Anaingia kijana wa Kihindi ambaye hakuna anayemjua, amevaa shati la kuazima, amebeba isale iliyofungwa fundo, na nyuma yake wamama wa jirani wamesimama kwenye uzio. Niliamkia kila mtu shikamoo, mmoja mmoja, kisha nikaenda mbele ya Mzee Klementi, nikamnyooshea maua kwa mikono miwili kama mama alivyonifundisha.

Hakuyapokea. Alisimama. Kibuyu cha mbege kikakaa hewani mkononi mwa mtu. Mimi nikawa nasubiri asogee pembeni anipishe, kama kwenye filamu, na nikaona inachelewa kidogo.

Babu ndiye aliyeanza kuniuliza, polepole, kwa upole uliotisha. Aliuliza kama nimekuja kwa ajili ya Felista, nikasema ndiyo. Akauliza kama wazazi wangu wanajua, nikasema bado, nimeona heshima nianzie hapa. Akauliza jambo lenyewe lilianza lini, nami, Mungu anisamehe, nikajibu kwa kujivuna kwamba tangu muhula wa kwanza. Nikamwona mama mdogo mmoja akihesabu miezi kwa vidole. Mama yake Felista alitoka jikoni na upawa mkononi, akayaona majani, akaketi palepale chini, akaweka mikono kichwani. Ndipo nikaanza kuhisi kwamba pana kitu hakijakaa sawa, lakini ninyi mnanijua, mimi nikiogopa naongea, kwa hiyo nikaongeza kwamba wasiwe na wasiwasi, sitamwacha.

Mtu mmoja nyuma yangu akaguna kwa uchungu. Mzee Klementi akamwita binti yake.

Felista alitoka nyumba ya pili amevaa kanga ya kazi, mikono ina unga. Alinitazama mimi, akatazama mikono yangu, akamtazama mama yake pale chini, na nikauona uso wake ukibadilika, kwa sababu yeye kichwa chake ni chepesi na alielewa kila kitu kwa mara moja: kwamba ua mzima unaamini ana mimba, na kwamba udaktari wake umesimama pale katikati ya kuku, umeshikwa na mimi. Baba yake akasema kwa sauti isiyo na nguvu kwamba vitu vyake vya Rau vifuatwe kesho.

Hapo msichana aliyekuwa hasemi akasema, na sauti yake ilifika hadi uzioni.

"Baba, huyu hajui alichoshika."

Akaendelea kwamba mimi ni mwanafunzi mwenzake, hajawahi hata kunishika mkono, kosa langu pekee ni mdomo, na kama kuna anayebisha basi waende hospitali kesho akapimwe, hana anachoogopa. Kisha akanigeukia, akaniambia niwaeleze kwa nini nimekata isale. Nikaangalia majani, nikaangalia watu, nikasema ukweli, kwamba maua yalinyauka njiani na nikaona majani yale yanapendeza.

Aliyeanza ni babu. Alicheka bila sauti kwanza, mabega tu yanatikisika, kisha kofia ikamdondoka, kisha wakafuata wajomba, na wale wamama wa uzioni wakaegemeana. Niliomba ardhi ipasuke. Lakini Mzee Klementi hakucheka, na Felista hakucheka. Alinitazama mara moja tu, akarudi ndani, na nikajua kwamba kicheko kile kitakwisha, ila habari zimeshatoka nje ya uzio na jina lake limo ndani yake.

Nikapiga magoti, sikuambiwa na mtu. Nikaomba radhi, nikamwambia Mzee Klementi anitukane, anipige, awaite wazazi wangu, lakini asimtoe Felista shule kwa ujinga wangu. Mzee Klementi akamtazama baba yake, na babu akajifuta machozi ya kicheko, akasema neno ambalo limenikaa hadi leo.

"Kijana ameleta isale kabla ya kosa. Sasa kosa amelipata. Ipokee."

Mzee Klementi akayapokea. Hakusema kama amekubali au amekataa lile la shule. Nikapewa kiti, bibi mmoja akaniletea mtori, supu nzito ya ndizi, nikaona nyama inaelea, nikasema kwa aibu kwamba kwetu hatuli, wakacheka upya, nikaletewa ndizi za kuchoma. Nilizila zote nikitazama mlango wa nyumba ya pili. Haukufunguliwa.

Shule zilipofunguliwa dawati la mbele yangu lilikuwa tupu. Siku ya kwanza tupu, ya pili tupu, na mimi nikanyamaza mpaka mwalimu wa hesabu akaniuliza kama naumwa. Siku ya tatu akaingia, akaketi, kisogo kilekile, hakunitazama. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo, ina mwanzo na mwisho. Sikuitoa hata neno. Nilimsubiri atoke kunywa maji, nikaweka juu ya dawati lake jani moja la isale, nimelifunga fundo, nililoliomba safari hii kwa mwenye shamba, tena baada ya kumweleza yote na kuchekwa tena.

Alirudi, akaliona, akakaa nalo. Jioni akanisubiri getini.

Tulitembea hadi Rau, na njia nzima aliongea yeye. Alisema jinsi mama yake alivyolia, jinsi wanawake walivyokuja kumtazama tumbo wakijifanya wanaazima chungu, jinsi alivyonichukia wiki nzima. Alisema Jumapili iliyofuata baba yake, mtu asiyependa maneno, alisimama nje ya kanisa baada ya misa akausimulia mkasa wote mwenyewe, na maua yaliyonyauka, na ile "sitamwacha" yangu, akiigiza hadi nilivyopunga mkono, watu wakacheka mpaka wakakaa kwenye nyasi, na baada ya hapo hakuna aliyetazama tumbo la mtu. Amekubali aendelee na shule. Ana sharti moja, kwamba yule mjinga wa maua aje kuchuma kahawa msimu ukifika, mbele ya macho yake, mchana kweupe.

Nilikwenda, msimu ule na iliyofuata, na bado hadi leo huchanganya kahawa mbichi na iliyoiva. Babu, kabla hajafariki, alinipa shina la isale nikapande nyumbani. Limekua, liko mlangoni kwetu, na nimeapa sitakata tena jani la mpaka wa mtu, wala kubeba kitu hadi mlango wa mtu kabla sijauliza wenyewe kinasema nini. Nikikosa, na ninakosa mara nyingi kwa sababu ya mdomo huu, nakata la kwangu. Daktari Felista akirudi kutoka kazini amechoka, analikuta limefungwa fundo juu ya meza, ananitazama, anasogea pembeni anipishe.