Mkanda Mwekundu Kwenye Fimbo

Barua ilimfikia Mama Fimbo asubuhi, akiwa ameinama anafuta matope kwenye tundu la kuchajia gari. Ilisema gari la umeme la kituo cha afya lisivuke mto tena, na safari zote za zahanati ya ng'ambo apewe Moshi, dereva wa gari la dizeli; chini paliachwa nafasi ya sahihi yake ya kukubali. Akaisoma mara mbili, akaikunja. Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyepeleka chanjo kule, na huyo aliyeandika hajawahi kulowesha hata soksi kwenye mto ule.

Jina la Fimbo alipewa na madereva wenzake kwa kejeli. Kila akifika kivukoni hushuka, hupandisha sketi na kuingia majini kwa miguu, akipapasa mawe na mashimo kwa fimbo hadi ng'ambo, kisha hurudi, ndipo ashike usukani. Wenzake walimcheka mpaka mbavu zikawauma. Gari la umeme lilipokuja, kitabu chake kilisema linahimili maji ya sentimita themanini. Mumewe, fundi cherehani, akamshonea mkanda mwekundu kwenye fimbo, lakini aliambiwa aushone kwenye sentimita sabini, si themanini. Kitabu, mkewe alimwambia, kimeandikwa na watu wakavu.

Akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa usafirishaji, aliyeiandika ile barua. Mkuu akamweleza, kwa ule upole wa kuudhi, kwamba umeme na maji havikai pamoja, hata mtoto anajua. Mama Fimbo akatazama ndoo iliyokinga matone pale pembeni, akasema betri ile imezibwa vizuri kuliko paa la ofisi hii. Dizeli ndiyo inayovuta pumzi na kupaliwa na maji, akasema, hili halipumui. Kama anataka kumkataza, aje aone kwanza. Makarani walikuwa wanasikiliza, kwa hiyo mkuu akakubali. Moshi naye akapanda kiti cha nyuma, amejitanua kama mrithi.

Waliteremka mlima mrefu hadi mtoni. Mkuu akahimiza wavuke, chanjo zinasubiriwa. Mama Fimbo akazima gari. Aliwaambia mota zimepata moto mlimani, na ukizitumbukiza ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia mipira ya kuzibia. Barafu ya sanduku la chanjo ilitosha mpaka jioni, basi gari lipoe nusu saa. Kisha akaingia mtoni na fimbo yake. Maji yalipita juu ya mkanda kwa vidole viwili.

"Bado," alisema alipotoka. "Tunasubiri yapungue."

Moshi akacheka. "Dada, nipe ufunguo. Hapa unakanyaga mafuta tu, unatokea upande wa pili."

"Mafuta yako wapi humu?" Akautia ufunguo kifuani. "Ukikimbiza unatengeneza wimbi, linapanda boneti, gari linaelea na wewe ndani. Gari hili liko mikononi mwangu mpaka nitie sahihi, na sijatia."

Mkuu akaamuru. Akaamuru tena. Mama Fimbo akaketi juu ya jiwe, akakamua sketi yake. Hofu alikuwa nayo, asikudanganye mtu. Alijua anaweza kurudi nyumbani hana kazi. Lakini alishachoka kufundishwa mto na watu wa mezani.

Baada ya saa mbili alipima tena, na maji yalikuwa yameshuka chini ya mkanda kwa upana wa kiganja. Wakapanda. Aliingia kwa mwendo wa mtu anayetembea, hakuongeza wala kupunguza, na wimbi dogo likatangulia mbele ya boneti. Mkuu alikuwa amepandisha miguu juu ya kiti. Hapakuwa na mlio wa injini, ni maji tu yakisugua milango. Walipotoka, akakanyaga breki mara tatu kuzikausha, akaendelea na safari. Chanjo zilifika barafu ikiwa bado ngumu.

Wakati wa kurudi alisimamisha tena gari ukingoni. Mkuu akauliza kuna nini tena, si wametoka kupita hapa hapa.

Mama Fimbo akatoa ile barua, akamkabidhi pamoja na fimbo.

"Nitatia sahihi, Mkuu. Ila anayenikataza mto huu aupime kwanza."

Mkuu akamtazama Moshi. Moshi akatazama mawe. Mwishowe mkuu akashuka, akaketi ukingoni, akaanza kufungua kamba za viatu.