Mama Mkwe na Gemu ya Matofali

Mimi ni mtu wa kupenda kushinda, na sioni haya kulisema. Hata nikimenya viazi na mwenzangu huwa nalitupia jicho beseni lake nione nani yuko mbele. Kwa hiyo mtu asishangae kwamba gemu ya matofali ilipofika Singida, mimi, mke wa watu, ilinikamata kuliko ilivyowakamata watoto.

Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja nyuma. Kwetu ni Iguguno, kwa wakulima wa alizeti, na niliingia katika nyumba ya wafanyabiashara wa mjini, Waislamu wa tangu zamani, mchanganyiko wa Wanyaturu na watu waliopanda kutoka pwani. Baba mkwe alikuwa na duka karibu na soko. Biashara ilikuwa imeachiwa huru. Wakati nasoma shule, rafu za duka zilikuwa na viberiti na chumvi, ukibahatika. Sasa zilijaa chupa za chai zenye maua, kandambili za kila rangi, saa za ukutani, na vitu vingine ambavyo hata muuzaji hakujua ni vya nini. Mume wangu ndiye aliyesafiri kuleta mzigo kutoka Dar es Salaam, baba mkwe akazunguka minadani, Mtinko na kwingineko, na mimi nikabaki dukani na mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mwanamke wa kujiheshimu. Bibi yake alitoka Tanga, na jambo hilo hakulisahau wala hakuacha wengine walisahau. Kanga zake zilipigwa pasi, na maneno yake pia. Katika nyumba ile, aliyekaa nyuma ya meza ya duka alikuwa mtu wa nyumbani hasa. Mwingine yeyote alikuwa wa jikoni. Mimi niliwekwa pale kwa muda tu. Alikwisha kusema, tena mbele yangu, kwamba baada ya Idi binti wa dada yake angekuja kutoka Tanga kushika duka, kwa sababu duka linataka mtu mwenye akili nyepesi. Mimi ningerudi kwenye mafiga. Neno lile liliniuma sana. Nililipenda duka lile, nilipenda mizani, nilipenda habari za wateja, na nilijua kwamba nikitolewa pale sitarudi tena.

Basi mume wangu akaleta boksi la gemu. Zilikuwa mashine ndogo za kushika mkononi, zenye kioo ambamo matofali yanashuka toka juu, marefu, ya mraba, yaliyopinda, na kazi yako ni kuyageuza na kuyapanga yasiache pengo. Mstari ukijaa, unafutika. Yakirundikana mpaka juu, umekwisha. Hakuna aliyenunua, bei ilikuwa kali, kwa hiyo tukafungua moja, tukaitundika kwenye msumari karibu na mizani ili watu waione. Watu waliiona, wakaenda zao. Mimi nilibaki nayo.

Jamani, raha ile. Asubuhi kabla wateja hawajachanganya nilikuwa nimeshapanga mistari hadi vidole vinakufa ganzi. Mashine ilikuwa inaweka kumbukumbu ya alama za juu kabisa, na kila nikizipita zangu za jana nilitamani kupiga kigelegele. Mama mkwe alikuwa akipita anakunja uso, anauliza mtu mzima anafanya nini na kidude kinacholia kama panya.

Siku moja niliingia jikoni kuangalia chakula cha mchana. Niliporudi nikachukua mashine, nikakuta alama zangu zimepitwa. Nikasema macho yananidanganya. Baba mkwe alikuwa mnadani, mume wangu safarini, mteja hafiki kwenye msumari ule. Nikaileta mashine puani. Vibonye vilikuwa vinanukia mafuta ya nazi, yale ya kuagizwa Tanga, ambayo nyumba nzima alipaka mtu mmoja tu. Niliinama nyuma ya gunia la mchele nikacheka mpaka machozi.

Sikusema neno, na yeye hakusema. Mkwe na mkwe wake hawachezi. Wanaamkiana, wanaulizana habari za sukari, basi. Asubuhi nilikuwa nasema shikamoo mama, naye anaitikia marahaba, huku kila mmoja akijua mwenzake ameacha nini ndani ya mashine. Nikimpita, anafunga mlango wa kabati la chakula kwa nguvu kidogo. Akinipita, siku hiyo mchuzi wangu unasifiwa. Tuliendelea hivyo kwa majuma, bila kutazamana usoni, na sijui kama nimewahi kufurahia mazungumzo na mtu kama nilivyofurahia yale yasiyokuwa na maneno.

Kisha akaweka alama ambazo sikuzikaribia hata kwa mbali. Wiki nzima nilihangaika. Usiku nikifumba macho matofali yalikuwa yanashuka.

Ijumaa ya wiki ile baba mkwe akarudi kutoka msikitini, akakuta picha kwenye kioo cha gemu imeanza kufifia. Sasa, nani kati yetu hakuwahi kuanika betri? Betri ikilegea unaitoa, unaiweka juani, inapata nguvu ya kusikilizia taarifa ya habari siku mbili tatu. Yeye kila Ijumaa alianika za redio yake kwenye kizingiti. Kwa moyo safi kabisa akazitoa na za gemu, akazipanga pamoja na zile, na alipoona zimepata moto wa kutosha akazirudisha. Hakujua kwamba mashine ile ikikaa bila betri inasahau kila kitu.

Mama mkwe alitoka ndani baada ya alasiri. Kwa mara ya kwanza aliishika mashine mbele yangu, nadhani alijisahau. Akaangalia. Akaangalia tena, alama zake hazipo. Kisha akakaa juu ya gunia, yeye ambaye hakukaa ila kwenye kiti chenye mto.

"Betri nimezitia nguvu," baba mkwe akasema, anatabasamu.

Mama mkwe aliigeuzageuza mashine mkononi. Angemwambia nini? Kwamba yeye, bibi wa watu, alikuwa bingwa wa kidude cha watoto, na ubingwa wenyewe umeanikwa juani? Baba mkwe alipouliza mara ya tatu kuna nini, akageuka kwangu.

"Wewe uliziona."

"Niliziona alama zako, mama," nikasema. "Wiki nzima nimezitafuta, sijazipata." Nikamgeukia baba mkwe nikamweleza kwamba Singida nzima hakuna aliyefika pale alipofika mke wake, na kwamba mimi si mtu wa kumsifia mshindani bure. Mzee wa watu alitutazama kwa zamu, akachukua kofia yake akaenda kunywa kahawa kwa jirani.

Mama mkwe akaitundika mashine, akaapa haigusi tena. Na kweli hakuigusa. Niliweka alama, zikakaa pale siku nyingi bila kupitwa na mtu. Ushindi wenyewe ukawa haunogi. Nasema kweli, nilimkosa mama yule ingawa tulikuwa tunakaa chumba kimoja kutwa.

Dukani tuliuza sabuni ya mche, ile ndefu tunayokata vipande kwa waya. Siku moja nikikata, nikaona vipande vinne nikivipanga vinakuwa tofali la kwenye gemu. Sikukawia. Nikakata sabuni kwa maumbo yote, marefu, ya mraba, yaliyopinda, nikachukua boksi la biskuti nikalikata ukuta mmoja likabaki kama trei. Ndani nikabandika vipande vichache vya kuzuia njia. Sharti likawa hivi: matofali yaliyobaki unayaingiza kwa zamu niliyoyapanga mimi, unayasukuma kutoka upande ule ulio wazi tu, ukishaliachia tofali halitoki, na mwisho pasiwe na tundu hata la kuingiza kidole. Nikayasema masharti hayo kwa sauti, kama ninayejisemea, nikaliacha boksi juu ya meza nikaenda kupima mafuta ya taa.

Mama mkwe alilipita mara mbili. Mara ya tatu alisukuma tofali moja, kama mtu anayepangusa vumbi. Niliporudi boksi lilikuwa limejaa barabara.

Basi nikaanza kutunga. Kila hatua, yaani kila boksi jipya, ngumu kuliko iliyopita. Nilikuwa nala huku nawaza mtego wa kesho, mahali pa kumwachia mlango unaoonekana mpana kumbe ndio unaomfungia. Huko kutunga ni kutamu kuliko kucheza, maana unaingia kichwani kwa mtu, unatembea humo, unajua atageukia wapi. Nilimjua mama mkwe ndani ya lile boksi kuliko nilivyomjua kwa mwaka mzima wa shikamoo. Alikuwa na haraka mwanzoni, mwenye subira mwishoni, na hakupenda kuacha kona.

Shida ilikuwa upepo wetu. Sabuni mbichi ikikaa siku mbili tatu katika upepo ule inakauka na kusinyaa, na hatua iliyokuwa haina pengo inaanza kucheza kama jino la mzee. Aliwahi kunishitaki kwamba nimemtungia kitu kisichowezekana. Nilimkatia sabuni mpya, nikapanga palepale mbele yake, ikajaa. Akasema, "Hm." Kwa mama yule, hiyo ilikuwa hotuba.

Wateja nao wakaanza kusogea. Wanawake waliokuja kununua kipande cha sabuni walibaki wanasukuma vipande vyangu, na wakishindwa walinunua viwili kupunguza aibu. Baba mkwe alinung'unika kwamba sabuni yake inashikwashikwa, kisha akahesabu miche iliyobaki akaacha kunung'unika.

Siku chache kabla ya Idi duka lilijaa. Wake za wafanyabiashara wenzao walikuja kununua sukari na vitambaa, nao wakamkuta mama mkwe ameinamia hatua niliyoitunga kwa siku nyingi kuliko zote. Alikuwa ameshaianza upya asubuhi nzima. Mmoja wao, mama mwenye sauti ya kufika barabarani, akauliza yule binti wa Tanga anakuja lini, maana mkwe wa shamba atawachosha.

Nilisikia. Nikaendelea kupima sukari ya mama mmoja aliyekuwa mbele yangu.

Mama mkwe hakuinua kichwa kutoka kwenye boksi.

"Haji," akasema. "Huyu ananishinda mimi. Atashindwa na duka?"

Wale wanawake wakatazamana. Hakuna kati yao aliyewahi kumsikia akikubali kushindwa na mtu, hata na mumewe. Akalisukuma boksi upande wangu, akaniambia nimkatie sabuni nyingine, hii imeanza kukauka. Mkono wangu uliendelea kumimina mpaka sukari ikafurika kwenye mizani, na yule mteja, ambaye aliona vizuri kabisa, akatanua mfuko wake ipate kuingia yote.