Kichwa cha Treni cha Papa na Mabehewa Sita ya Kopo

Sisi tuliokulia Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tulijua kunyamaza kabla hatujajua kusoma. Ukiangusha sufuria, kiwanja kizima kinakugeukia. Ukijaza hewa mfuko wa plastiki na kuupasua, jambo ambalo watoto wa leo wanalifanya huku wanajichekea, unachapwa na mama yako, halafu na mama wa jirani, halafu wote wawili wanakuuliza kama una akili timamu. Wazazi wetu walikuwa wamevuka nchi zaidi ya moja wakikimbia mlio wa bunduki. Hawakutaka kuusikia tena, hata ukiwa wa mfuko.

Basi hata michezo yetu ilikuwa ya chini chini. Tuliruka kamba pekupeku ili miguu isitoe kishindo. Tulicheza kombolela kwa kunong'onezana majina, na kama hujawahi kucheza kombolela kwa kunong'ona hujui jinsi ugomvi unavyozaliwa. Asubuhi za mwezi wa sita, baridi ya Dowa ikituuma masikio, tulikwenda shule tukiwa tumeficha mikono kwapani, na tuliporudi tulikuta mahindi ya mgao yaliyochemshwa na maharage, au nsima, ugali wa huku, na usipa wa kukaanga. Harufu ya wale samaki wadogo nikiinusa leo, tumbo linarudi miaka kumi na minne nyuma bila kuniomba ruhusa.

Papa yangu alikuwa fundi. Kule Bukavu, Kongo, alilinda boila ya kiwanda cha chai, na alikuwa akisema kwamba mvuke ni kama mgeni mkubwa: mfungulie mlango wa kutokea mapema, asije akautafuta mwenyewe. Kambini hapakuwa na boila. Palikuwa na majiko mabovu na baiskeli za kabaza, zile za kubeba abiria, zilizopinda rimu, akavitengeneza hivyo, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mvuke. Ndipo akaamua kutengeneza kichwa cha treni, kidogo, cha urefu wa mkono wangu, chenye kuchemsha maji yake na kutembea chenyewe.

Mwaka huo Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilijua zaidi ya nilivyotakiwa kujua. Mimba mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimetoka, ya kwanza njiani tukikimbia, ya pili hapo hapo kambini, siku gurudumu la lori lilipopasuka karibu na soko, Mama akakimbia hadi mashambani bila viatu. Nesi alimwambia Papa mbele yangu kwamba safari hii mama huyu asishtuke, asikimbie, la sivyo hawezi kuahidi kitu. Kuanzia hapo nililala na kuamka na hofu hiyo. Nilikuwa nafunga mlango kwa vidole vyote kumi.

Bomba la shaba tulilifuata Lilongwe, sokoni Tsoka, kwa mama mmoja aliyeuza matumbo ya friji bovu. Tulipanda matola, lile gari la wazi nyuma, na kibali cha kutoka kambini kilikuwa kimeisha siku zake. Kwenye kizuizi cha polisi Papa alishika mkono wangu mpaka ukafa ganzi. Askari akatazama karatasi, akatazama uso wangu, akarudisha karatasi. "Zikomo, bwana," Papa akashukuru mara tatu, ya tatu gari likiwa limeshaondoka.

Kichwa cha treni kilipokamilika kilikuwa kizuri kuliko kitu chochote nilichokuwa nimekiona. Tangi lake lilikuwa kopo nene la shaba, mshono wake Papa aliuchomelea mwenyewe. Moto ulitoka kwenye utambi uliolowa kachasu, kwa kuwa spiriti ilikuwa ghali. Hapo ndipo Papa, shemasi mwenye heshima zake, alianza kuonekana akinunua pombe ya kienyeji asubuhi mapema, na waumini wakaanza kumwombea kwa jina. Reli zilikuwa nondo nyembamba, na mabehewa sita yalikuwa makopo ya samaki yaliyojazwa mahindi. Papa aliniahidi yote sita yatakwenda.

Siku ya kwanza kilivuta mabehewa mawili. La tatu lilipofungwa, magurudumu yalizunguka kama kichaa na treni ikabaki pale pale.

"Nguvu iko mingi," Papa akasema. "Shida njo haishike chini."

Tukaanza kukifundisha kushika. Papa alipakia nati na vyuma vizito juu ya magurudumu yanayosukuma. Alilivisha tangi kitambaa cha blanketi ili mvuke usipoe njiani. Kazi yangu ilikuwa reli: mafuta ya pistoni yalidondokea pale, magurudumu yakateleza, kwa hiyo kila jioni nilizisugua kwa majivu makavu hadi zikawa safi. Tukafika mabehewa matatu, kisha manne. Nilikuwa na furaha, na bado nilikuwa naogopa, kwa sababu ya kitu kimoja kilichokuwa juu ya tangi.

Palikuwa na tundu la kupumulia. Papa alikuwa ameliziba kwa gololi ya baiskeli, akaikandamiza kwa springi ya kalamu. Mvuke ukizidi, gololi inanyanyuka, ps! ps! tssss! Ndiyo ulikuwa ule mlango wa mgeni. Mara ya kwanza ulipolia, Mama alisimama kutoka kwenye mkeka kana kwamba amevutwa na mtu.

"Njo nini ile? Banapiga risasi?"

"Hapana, Mama Nsimire," Papa akamjibu. "Njo maji inapumua tu. Ikae."

Mama akakaa, lakini mkono wake ulibaki tumboni na midomo ilikuwa imepauka. Mara ya pili alifika mlangoni. Mara ya tatu niliona miguu yake ikitafuta viatu, nikasema moyoni, hii nayo itatoka, na itatoka kwa sababu ya mchezo wetu.

Ningeweza kumwomba Papa aache. Sikumwomba. Nilitaka mabehewa sita. Nilichukua uzi mwembamba wa waya, nikaufunga juu ya ile springi mara nne, nikakaza kwa meno. Miwani ya Papa ilibaki Bukavu, na vitu vidogo vya karibu alikuwa akiviona kwa kupapasa.

Kesho yake kichwa cha treni hakikulia hata mara moja. Mama alichambua maharage yake mlangoni kwa utulivu. Na mvuke uliokuwa ukipotea juu ulikwenda wote kwenye pistoni.

"Ona! Tano!" Papa alinong'ona, maana hata kushangilia tulikuwa tukinong'ona. "Iko inavuta tano! Ni majivu yako, mutoto yangu!"

Ningesemaje baada ya sifa kama ile? Alipoinamisha kichwa kusikiliza, akaniuliza, "Nsimire, juu ya nini leo haipumue?" Nikamjibu bila kupepesa, "Ni moto iko kidogo, Papa." Akaniamini. Alikuwa fundi wa boila miaka mingi, akaniamini mimi. Siku tatu nilitembea na ule uongo, na kila mvuke ulipopanda nilisimama kati ya treni na mlango aliokaa Mama, kana kwamba mwili wa mtoto wa miaka kumi na mmoja ungezuia kitu.

Jumamosi mchana Papa alifunga behewa la sita. Aliongeza vyuma juu ya magurudumu, akaongeza kachasu kwenye utambi. Safari hii magurudumu hayakuteleza. Yalishika barabara, lakini mzigo uliyashinda, yakasimama kabisa, na pistoni ikasimama nayo. Hata mimi nilielewa. Pistoni isipokwenda, mvuke hautumiki. Moto unawaka, maji yanachemka, na mlango wa kutokea nimeufunga kwa waya.

Papa akapiga magoti, akasogeza uso karibu kabisa, akipapasa magurudumu ajue yamekwama wapi. Niliona mshono wa tangi ukitoa jasho, tone moja, halafu matone yakafuatana. Nikataka kupiga kelele. Kelele zilikuwa tayari kooni. Mama alikuwa hatua sita nyuma yangu, na nilijua kelele zangu zitamfanya nini.

"Papa," nilinong'ona. Hakusikia. "Papa, toka." Hakusikia.

Nikamrukia shati kwa nyuma, nikamvuta kwa uzito wangu wote. Tulianguka chali pamoja, na tangi likapasuka.

Mlio ule sitausahau. Ulikuwa mlio wa bunduki hasa, mmoja, mkavu. Maji ya moto yalimpata Papa mkono wa kushoto kuanzia kiwiko hadi vidole. Punje za mahindi zilinyesha juu ya bati. Halafu kambi yetu, upande ule wote, ikafanya kile ilichojua kufanya. Milango ilifunguka kwa pamoja. Wanawake walitoka na watoto mgongoni, mzee mmoja alitoka na godoro tu, na mtu akapaza sauti, "Banakuya! Mukamate batoto!" Hakuna aliyeuliza ni kina nani wanaokuja. Mkeka wa Mama ulikuwa mtupu, maharage yamemwagika.

Tulimkuta ng'ambo ya mashamba ya mahindi, amekaa chini, ameegemea kifua cha jirani yetu Mrundi, Mama Odette, aliyekimbia naye bega kwa bega. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka. Papa alimbeba kwa mkono mmoja mzima na mwingine uliochunika, sijui alipata wapi nguvu, hadi kliniki. Mimi nilibaki nje nikiwa nimeuma kola ya gauni. Sikusali kwamba mtoto apone. Niseme ukweli wangu: nilisali kwamba wasiuone ule waya.

Jua lilikuwa halijazama Mama Odette alipotoka. "Usilie, we mutoto. Ni binti. Ni mudogo sana, lakini iko anapumua." Walimfunga kwa pamba kama yai. Wiki mbili hatukujua kama ataishi. Alipoanza kunyonya kwa nguvu, wakampa jina Aksanti.

Papa alimpigia Mama magoti mbele ya majirani, mkono umefungwa bendeji. "Unisamehe. Ni mi nilichomelea mubaya ule mushono." Mama alimsamehe, lakini mvuke haukuingia tena kwetu. Papa hakugusa hata birika kwa muda mrefu. Alirudi kwenye rimu za baiskeli, na watu waliokuwa wakimwombea kuhusu kachasu wakasema ndivyo pombe inavyomaliza watu.

Sasa naishi Nsungwi, Lilongwe, nashona nguo, na Aksanti anakaa kwangu kwa ajili ya shule. Ana miaka kumi na minne. Kuwasha mbaula, jiko la mkaa, hawezi, anaipungia daftari kama anamfukuza nzi, na akichoka ananiuliza kama hakuna umeme. Wenzake wanapasua fataki barabarani Krismasi nzima, na yeye ndiye anayecheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Namtazama na kumwonea wivu. Sisi tulikuwa na mikono yenye kujua kazi na majivu chini ya kucha, tulikuwa na Papa mwenye kutengeneza treni kwa makopo, na ninazikumbuka siku hizo kwa upendo mkubwa. Lakini sijawahi kucheka hivyo mlio ukilia.

Mwezi uliopita Papa alikuja kututembelea. Tukiwa mezani Aksanti akamshika mkono wa kushoto, akapitisha kidole juu ya ngozi iliyokunjamana.

"Papa, banasema ulijuaka kutengeneza treni. Juu ya nini uliachaka?"

Papa akatafuna polepole. "Nilichomelea mubaya, mutoto yangu. Kidogo nikuue na Mama yako. Mutu wa vile hapashwe kurudilia."

Sentensi ya ule waya ilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nilikuwa nimeibeba miaka yote hiyo, fupi tu, ya maneno manne au matano. Nikaona jinsi anavyoinamisha kichwa anapoisema ile yake. Nikamwongezea nsima, nikamuuliza kama maharage yana chumvi ya kutosha.