Niulize Jana Ilikuwaje

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na viatu vya harusi ya dada yangu. Barua ya kaunsili ilisema viatu viwe vyeusi, na vyeusi sikuwa na vingine. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, kichwa kimejaa ndoto. Nilijiona nimekwisha kuwa mtu wa serikali, nina meza, nina simu, watu wanabisha hodi wananiambia, "Bi Rukia, tusaidie." Nilichopewa ni aproni ya buluu, ndoo, na karatasi ya zamu yenye anwani sita za wazee.

Mratibu wa Wasaidizi wa Nyumbani, ndicho cheo cha bosi wangu wa kwanza, alikuwa mwanamke mnene wa Kiingereza mwenye sauti ya mnadani. Alinitazama viatu, akanitazama uso.

"Unajua kuwasha moto wa makaa?"

"Nimezaliwa Ng'ambo, Unguja," nikamwambia. "Moto nimewasha kabla sijajua kusoma."

"Na kusoma unajua?"

"Kiasi cha kuona hapa mmenipa ghorofa ya nane, na mbele yake pameandikwa lifti mbovu."

Akacheka mpaka akashika meza. "Huyu atafaa," akamwambia karani. Nikafaa. Nilifaa miaka thelathini na moja, na mingi ya miaka hiyo nilifaa kwa kukataa. Ndiyo hayo ninayotaka kuwaeleza nyinyi vijana mnaoingia kazi hii sasa na simu zenu za kupimia dakika.

Tulitoka Unguja miaka michache baada ya Mapinduzi, mimi, mama na dada yangu. Masomo yangu yaliishia darasa la nane. Tukakaa Edmonton ya Uingereza, katika nyumba zile zilizoshikana ubavu kwa ubavu, jirani akikohoa wewe unasema pole. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kaunsili nyingine, mabasi mawili kutoka kwetu, na jina lake nalihifadhi. Kaunsili ndiyo serikali ya mtaa. Inazoa taka, inapangisha nyumba, inafungua maktaba, na wakati ule ilikuwa pia inamtuma mtu kama mimi kwenda kumwosha mzee mgongo. Wengine waliona hiyo ndiyo kazi ya chini kabisa. Mimi naona hakuna mahali serikali ilipokuwa karibu zaidi na mtu.

Mratibu hakutufundisha kwa kitabu. Alitufundisha mlangoni. "Kwanza tazama chupa za maziwa," alisema. Muuza maziwa alikuwa anaziacha kizingitini alfajiri. Ukiikuta ya jana bado ipo, usibishe hodi mara mbili, kimbia kwa jirani mwenye ufunguo. "Pili, fungua friji kabla hujafungua mdomo." Friji tupu huonekana mapema kuliko mtu anayekwambia ana njaa. "Tatu, ukimaliza, kaa dakika tano. Hizo dakika tano hazipo kwenye karatasi. Lakini nikisikia hukuzikaa, nakufukuza."

Basi nikazikaa. Kwenye zile dakika tano nilijua nani amefiwa na paka, nani anaogopa ngazi, nani hajapata simu ya mwanawe tangu Krismasi. Nilipangiwa mtaa ule ule miaka kumi na mbili, kisha nikapewa mwingine wenye majengo marefu, na huko ndiko nilikomkuta Bi Zuwena.

Bi Zuwena alikuwa mjane wa Malindi, Unguja, amekaa peke yake ghorofa ya tatu. Mwanawe mmoja alikuwa Kanada. Mifupa ya mikono yake ilikuwa imevimba kwa baridi yabisi, vidole vimepinda kama tangawizi. Nilikwenda kwake kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Namwosha, namvika, namsuka, nampikia cha mchana. Na yeye ananisuta.

"We Rukia, huo ndio uji au umenikorogea gundi?"

"Kunywa, Bi Zuwena. Ukiganda tumboni utakaa siku mbili bila njaa."

"Mtoto huna adabu. Mama yako yuko salama?"

Siku zetu zilikuwa hivyo. Halafu Mratibu akastaafu, ikaja sheria mpya, na pamoja nayo akaja Meneja wa Eneo, mwanamume mwembamba aliyekuwa akigonga kalamu mezani wakati unaongea. Yeye ndiye aliyetuletea tathmini. Tathmini maana yake afisa anakwenda nyumbani kwa mzee na fomu, anamwuliza anaweza nini na hawezi nini, kila jibu lina alama, na alama ndizo zinazoamua kama msaidizi ataendelea kuja. Nasema kweli, nilipoisikia niliipenda. Nikajua sasa Bi Zuwena atapata na Jumapili yake.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa hili asingelifanya Mwingereza.

Barua ilipokuja kwamba afisa atafika Alhamisi, Bi Zuwena aliisikia kama ninavyojua mtu wa kwetu angeisikia: mgeni anakuja. Na mgeni wa serikali! Mimi nami nikaisikia vivyo hivyo. Jumatano nilipiga deki nyumba nzima, nikaifukiza mpaka ikanuka ubani. Nilimsuka mistari mizuri, nikamtolea kanga mpya. Besheni la kuogea kitandani nikalificha kabatini, na kile kiti chake cha choo nikakifunika shuka, nikakiwekea maua ya plastiki juu. Nyumbani kwangu nikapika mkate wa kumimina, Alhamisi asubuhi nikaupeleka ungali moto.

Afisa wa tathmini alikuwa binti mpole. Alikula vipande vitatu, akatoa fomu, akaniomba nitafsiri.

"Mwulize kama anaweza kuoga mwenyewe."

"Alhamdulillahi, naoga," akasema Bi Zuwena, kichwa juu kama bibi harusi.

"Kupika?"

"Napika, mwanangu. Kwani huli?" Akamsogezea sahani ya mkate.

"Ngazi?"

"Polepole nafika."

Na mimi nikatafsiri: anaoga, anapika, anapanda ngazi. Ile "polepole" niliimeza. Ningefanyaje? Nimwaibishe mama mtu mzima mbele ya mgeni, niseme hawezi kufunga vifungo vyake? Nilijiona nimemtunzia heshima. Binti akaandika, akashukuru, akaondoka na kipande cha nne kimefungwa kwenye karatasi.

Baada ya wiki tatu barua nyingine ikaja. Mkazi ameonekana anajimudu, nyumba ni safi, anapika na kukaribisha wageni. Huduma itakoma mwisho wa mwezi.

Nilimsomea. Akasema, "Si kitu. Waambie ahsante kwa siku zote hizo."

Nilishuka zile ngazi nalia, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Nikaenda moja kwa moja kwa Meneja wa Eneo, na aproni yangu kifuani.

"Tathmini ya Bi Zuwena ni makosa," nikasema.

Akafungua faili. "Maneno ni yake. Nani alitafsiri?"

"Mimi."

"Ulitafsiri uongo?"

"Nilitafsiri adabu."

Kalamu ikagonga meza. "Fomu haina kisanduku cha adabu, Rukia."

"Basi hiyo fomu ina kasoro."

"Anaweza kukata rufaa. Yeye mwenyewe. Wewe ni mfanyakazi, huruhusiwi kusimama upande wa mkazi dhidi ya kaunsili. Ukienda naye kwenye rufaa, utapata barua ya onyo. Ukirudia, huna kazi."

"Nasimama upande wa kaunsili," nikamwambia. "Aliyeuacha huo upande ni nani, sijui."

Nilifika nje nikaanza kuhesabu kodi ya nyumba kwa vidole. Nilikuwa na watoto wawili na mama mgonjwa, na kazi ile ndiyo tuliyokuwa nayo. Msifikiri ushujaa unakuja bila hofu.

Kazi ngumu kuliko Meneja ilikuwa Bi Zuwena mwenyewe. Hataki kushitaki.

"Nimshitaki nani? Watu wamenipa nyumba, wamenipa dawa. Leo nikasimame mbele ya wanaume niseme sijiwezi? Bora nife na kanga yangu mwilini."

"Utakufa kweli, Bi Zuwena. Nani atakuvika hiyo kanga?"

Akanigeuzia mgongo. Siku nne hakunisuta hata mara moja, na hicho ndicho kilichoniogopesha. Siku ya tano nilimkuta sakafuni jikoni. Hakuumia, alishindwa kunyanyuka tu. Alikuwa amekaa pale tangu alfajiri, amejiegemeza kwenye jiko, ameshika kijiko.

"Nilitaka kujaribu," akasema. "Nijue kama afisa kasema kweli."

Nikakaa chini naye. Tukakaa sakafuni wote wawili, zaidi ya dakika tano. Mwisho akasema, "Haya. Nipeleke. Lakini usinisemee udhaifu wangu, Rukia. Nakuomba."

Kamati ya rufaa ilikuwa madiwani watatu nyuma ya meza ndefu. Diwani ni mtu aliyechaguliwa na wakazi kuisimamia kaunsili. Mwenyekiti wao alikuwa mzee wa makamo mwenye kifaa cha sikioni. Meneja wa Eneo alikaa pembeni na faili lake. Aliponiona, aliandika kitu.

Mwenyekiti akaanza na maswali yale yale ya fomu. Unaweza kuoga? Bi Zuwena akainua kichwa. "Alhamdulillahi," akasema, na nikajua tumekwisha.

Nikasimama. "Mheshimiwa, kwetu ukimwuliza mtu mzima kama anaweza, umemwuliza kama bado ni mtu. Atakujibu ndiyo mpaka siku ya kuzikwa. Naomba nimwulize mimi, nitawatafsiria kila neno. Safari hii kila neno."

Meneja akasema huo si utaratibu. Mwenyekiti akarekebisha kile kifaa cha sikioni. "Mimi nyumbani nasema nasikia vizuri," akasema. "Endelea, mama."

Nikamgeukia Bi Zuwena, nikakaa kama tunavyokaa asubuhi.

"Bi Zuwena, jana usiku ulikula nini?"

"Mkate na maziwa."

"Na Jumapili, nisipokuja?"

"Mkate na maziwa."

"Wewe, mpishi wa Malindi? Wali je?"

Akacheka kidogo. "Wali nitaupata wapi, mwanangu, sufuria zito lile. Jumapili mkate nauvuta kwa meno, mfuko haufunguki."

"Na Jumapili unalala na nguo gani?"

"Zile zile ulizonivika Jumamosi. Wewe ndiye unayenifunga vifungo, na wewe ndiye unayevifungua Jumatatu."

Nilitafsiri. Yote, pamoja na meno. Bi Zuwena hakujua kama amesema udhaifu. Yeye alikuwa anazungumza tu, ananieleza mambo ya nyumbani, kichwa bado kiko juu. Diwani wa kushoto, mwanamke, alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe.

Waliturudishia asubuhi zote sita, wakaongeza Jumapili.

Barua yangu ya onyo ilikuja Ijumaa ya wiki ile ile. Ninayo mpaka leo. Wenzangu waliostaafu wametundika ukutani saa za ukumbusho na vyeti vya miaka mingi ya utumishi. Mimi nimetundika onyo. Sheria niliivunja, na mngenirudishia magoti yangu ya zamani ningeivunja tena kesho asubuhi kabla ya chai.

Meneja alinihamishia kituo cha chakula cha mchana, akidhani ananiadhibu. Huko nilikuta wazee arobaini wa kila taifa, wote wazima, wote hawana shida, ukiwauliza. Nikawafundisha wasaidizi wapya kwa namna ileile niliyofundishwa mimi, mlangoni. Baadaye yule binti wa tathmini, mla mkate, alikuja mwenyewe kukaa nasi siku nzima na daftari. Bi Zuwena aliishi miaka saba mingine, na siku zote uji wa msaidizi wake mpya ulikuwa gundi.

Sasa nimestaafu. Nyonga imechoka, mguu wa kushoto una maoni yake. Wiki iliyopita ilikuja barua kwamba afisa atanitembelea. Akaja binti mwembamba, mama yake wa Tanga. Kiswahili anakisikia vizuri lakini anakijibu kwa Kiingereza, ila shikamoo aliitoa safi. Nilimkaribisha. Akala visheti, akafungua kompyuta yake.

"Unaweza kuoga mwenyewe, bibi?"

"Alham…" nikaanza.

Neno likakwama. Nikatazama visheti, nilivyovikaanga tangu alfajiri nimejishika kwenye meza. Nikatazama sakafu, bado ina unyevu wa deki. Nikatazama pazia, na chini ya pazia ncha ya bakora yangu inachungulia, pale nilipoificha kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilicheka mpaka binti akashtuka.

"Niletee hiyo bakora, mjukuu wangu," nikasema. "Iweke hapa mezani, tuione wote. Na hiyo kompyuta ifunge. Swali hilo silijibu. Niulize jana ilikuwaje."

Akaifunga. Akavuta kiti karibu.

Nikaanza na asubuhi, na soksi ya mguu wa kushoto.